Safu ya Kumi na Mbili

Huku kwetu Viljandi theluji huanguka kila mahali
isipokuwa juu ya tangi namba mbili.
Paa lake lina joto la mwili wa mtu,
nyuzi thelathini na saba, usiku na mchana,
na kunguru wanalijua:
husimama pale kwa mguu mmoja mmoja
wakiota moto wa mavi yetu.

Samahani kwa neno. Kazini hatuna lingine.
Kwenye fomu tunaandika "tope",
lakini tope halina siri, na hili limebeba za mji mzima:
nani kameza nini, nani kaacha dozi siku ya tatu
alipopata nafuu, vidonge vilivyobaki akavitupa chooni,
akavuta maji, akanawa mikono.

Ndani ya tangi ni giza na harusi.
Bakteria humsogelea jirani asiye wa ukoo wake,
humnyooshea kijidaraja chembamba kuliko uzi wa buibui
na kumvisha kipete cha jeni:
shika, hivi ndivyo sumu inavyozoeleka.
Hakuna mahari. Hakuna anayeuliza wewe wa kwa nani.
Ukarimu kama ule sijauona kwa watu.

Mwezi Machi tulipandisha joto hadi sabini.
Saa nzima, mabomba yakinguruma.
Nikapima: bakteria wa kinyesi, sifuri.
Kalju, mkuu wa kituo, akapiga meza: "Wamekufa!"
Kweli wamekufa.

Nikapima tena kwa mashine ile nyingine,
ile isiyouliza nani yu hai bali nani kaacha nini,
na mistari ikapanda kwenye kioo,
mmoja, halafu mwingine,
kama watoto waliosikia majina yao yakiitwa.
Marehemu wameacha wosia.
Maganda yamepasuka, barua zimezagaa topeni,
na barua haihitaji mwandishi wake awe hai.
Atapita wa kuiokota.

Tena kuna hili: fomu ya serikali ina safu kumi na moja.
Risasi. Zebaki. Unyevu. Mayai ya minyoo.
Jeni hazina safu.
"Kisichoulizwa hakijibiwi," asema Kalju, naye si mtu mbaya,
ana wajukuu, ana bajeti,
ana vilima vitatu vya tope uani.

Nje Heldur ameshawasha trekta.
Atalirundika kando ya shamba lake la shayiri
hadi barafu iyeyuke.
"Tiiu, leo au kesho?"
Ndevu zake zimeganda. Mbolea ya dukani imepanda bei mara mbili.
Nimwambie nini? Kwamba udongo wake
unakwenda kusomeshwa?

Kaka yangu Raivo yuko hospitali ya kilimani,
wodi ya mwisho, ambako wageni huvishwa gauni la njano.
Kidonda tu, kisu cha kuparia samaki.
Dawa ya kwanza ilimpitia kama mgeni aliyekosea nyumba.
Ya pili hivyo hivyo.
Leo wanamtundikia ya tatu,
na mkojo wake, na masalia ya dripu, na hofu yake
vinateremka kwa bomba chini ya barabara
vinanijia hapa kazini.
Kila saa nne asubuhi kaka yangu anawasili,
nami nasimama na chupa ya sampuli.

Nimetia saini. Usinitazame hivyo.
Safu zote kumi na moja zilikuwa safi.
Kisha kwa penseli, pembeni, pasipo na mstari,
nikachora ya kumi na mbili,
nikaandika tarakimu zake, na tarehe, na jina langu,
kwa mwandiko wa kubana maana nafasi ni ndogo.

Heldur akaondoka, shehena ikifuka mvuke.
Kunguru wawili wakaifuata.
Nikasimama mlangoni hadi harufu ikaisha,
au pua ikazoea;
pua nayo huwa sugu.